Watoto watatu, viti vitatu: kuchagua gari lililotumika ukiwa Mtwara au Lindi

Mwambie dalali wa magari kwamba una watoto watatu wadogo, naye atakuuliza una shilingi ngapi. Akishajua, atakutumia picha za gari lolote linaloingia kwenye hela hiyo na maneno yaleyale: "unawasha na kuondoka, AC baridi, njoo na fundi wako, bei maongezi." Hatakuuliza watoto wana umri gani wala wanakaa kwenye viti vya aina gani. Kazi hiyo ni yako, na ndiyo inayoamua gari lipi linakufaa kabla hujafungua boneti.

Msimamo wangu nausema mapema. Mwenye viti vitatu vya watoto asihangaike kutafuta gari lenye kiti kipana cha nyuma. Atafute gari lenye safu ya tatu, na kila mahali atakapoweka mtoto pawe na mkanda unaopita kiunoni na begani. Rangi, rimu, redio yenye skrini, hata kama ni namba C au namba D (herufi ya usajili inayoonyesha gari lilisajiliwa nchini mapema au karibuni), hayo yanafuata baadaye.

Anza na viti

Nunua au azima viti kwanza, halafu ndiyo utafute gari. Mtoto mchanga anakaa akitazama nyuma. Kiwango cha Ulaya cha R129 kinataka akae hivyo angalau hadi miezi 15, na kama kiti kinaruhusu, mwache zaidi ya hapo, kwa sababu shingo yake bado haiwezi kukizuia kichwa kinaporushwa mbele. Anayemfuata, ambaye kwenye kiwango cha zamani cha R44 ni wa kilo 9 hadi 18, anatazama mbele na anafungwa kwa mikanda ya kiti chenyewe. Mkubwa wa kilo 15 hadi 36 anatumia busta, yaani kiti cha kumnyanyua ili mkanda wa gari umpite begani badala ya shingoni. Busta haiishii chekechea. Mtoto anaihitaji hadi afike urefu wa sentimita 135 au hata 150, kwa hiyo wa darasa la tatu huenda bado yumo.

Viti vingi vinavyopatikana huku vimeshatumika. Kigeuze juu chini. Utaona stika ya rangi ya chungwa yenye R44 au R129, na kwenye plastiki kuna alama ya duara yenye mshale inayoonyesha mwaka na mwezi wa kutengenezwa. Watengenezaji wengi wanakipa kiti miaka 6 hadi 10. Plastiki iliyofanya weupe kwenye mikunjo, povu lililopasuka au mkanda ulionyofoka uzi ni sababu tosha ya kukiacha, hata kama muuzaji anakupa kwa bei ya sandali. Na kiti ambacho hakuna anayejua kama kimewahi kupata ajali, mimi sikichukui.

Sasa chukua futi ya fundi cherehani upime upana wa kila kiti mahali kilipo kipana kuliko pote. Viti vyembamba vina sentimita 42 hadi 44, vya kawaida vinakaribia 50. Andika namba hizo kwenye simu, maana utazihitaji kila unapokwenda kuona gari.

Kwa nini safu moja haitoshi

Wajapani wana daraja la magari madogo: upana usizidi mita 1.70, urefu mita 4.70, injini cc 2000. Likizidi hapo, mmiliki kule analipa zaidi. Ndiyo maana Toyota kama Premio, Wish, Sienta, Isis na Noah nyingi zina upana uleule wa mita 1.695 kwa nje. Toa unene wa milango miwili na mahali pa kuegemeza mikono, halafu panga viti vitatu vya sentimita 44, ambavyo peke yake vinakula 132. Hata vikiingia, hakuna nafasi ya mkono kufikia vifungo vya mikanda.

Na hapo hatujagusa mkanda wa katikati. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 2000 yana mkanda wa kiunoni tu katikati ya kiti cha nyuma. Busta haifungwi kwa mkanda huo kabisa. Mtoto mwenye busta na mkanda wa kiunoni peke yake, gari likigonga, kiwiliwili chote kinakunjika mbele. Baadhi ya viti vyenye mikanda yake vinakubali mkanda wa kiunoni, lakini soma maelekezo yake kwanza. Vile vyuma vya ISOFIX, vya kunasia kiti cha mtoto moja kwa moja kwenye gari bila mkanda, kama vipo, huwa kwenye viti viwili vya pembeni.

Magari mapana ya viti vitano kama Harrier yanavutia kwa macho, ila katikati kiti kimeinuka na kimebana, na injini ya cc 2400 haina huruma kwenye kituo cha mafuta. Kwa hela ileile unapata safu tatu.

Magari yenyewe

*Noah na Voxy.* Kwa familia ya aina hii ndiyo chaguo langu la kwanza, na sababu kubwa ni milango ya kusukuma. Ukiegesha pembeni ya bajaji soko kuu la Mtwara, huna haja ya kufungua mlango nusu huku umembeba mtoto. Ile Townace Noah ya 1996 hadi 2001 ina mlango wa kusukuma upande wa kushoto tu na injini iko chini ya viti vya mbele. Ni ngumu, ila imezeeka. Ya 2001 hadi 2007 ina milango ya kusukuma pande zote mbili, na siti zake za nyuma kabisa zinakunjwa pembeni ukiwa na magunia. Toleo lolote, ukipata lenye viti viwili vilivyoachana kwenye safu ya pili badala ya benchi, chukua hilo. Mtoto mkubwa anapita katikati kwenda safu ya tatu, anajifunga mwenyewe, na wewe hushughuliki kukunja kiti chenye kiti cha mtoto juu yake.

Tatizo la Noah huku kwetu ni kwamba nyingi zimefanya kazi ya abiria, ile wanayoiita mchomoko. Dalili hazijifichi: siti zimeshonwa upya kwa ngozi bandia, reli ya mlango imelika hadi mlango unaning'inia, na mikanda ya nyuma imekatwa au imesokomezwa chini ya mito. Noah isiyo na mikanda ya nyuma ni basi dogo. Iache.

*Isis.* Haizungumzwi sana, lakini ina milango ya kusukuma pande zote, na upande wa kushoto hakuna nguzo kati ya mlango wa mbele na wa nyuma, hivyo ukifungua yote unapata uwazi mkubwa ajabu wa kuingiza mtoto aliyelala. Mkanda wa abiria wa mbele umejengwa ndani ya kiti chake, hakikisha unafanya kazi. Safu ya tatu ni ya watoto tu, na hao ndio ulionao.

*Sienta.* Ya 2003 hadi 2015 ina injini ya 1.5, 1NZ-FE, ambayo kila fundi Mtwara na Lindi ameishika. Inakula mafuta kidogo na milango inasukumwa. Lakini ni fupi. Kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma kitamsogeza dereva au abiria mbele hadi magoti yaguse dashibodi, na ukifungua safu ya tatu, buti inabaki ya kuweka mifuko miwili ya rambo. Inafaa kama safari zako ni Shangani, Ligula, shule na sokoni.

*Wish na Spacio.* Milango ya kawaida, na tumbo lake liko karibu na ardhi. Wish ya kwanza, 2003 hadi 2009, ni gari zuri la lami. Kama una shamba la korosho upande wa Tandahimba au Newala, ambako njia za shambani ni vumbi, utagonga mawe kwa tumbo la gari. Spacio ina safu ya tatu kwa jina; kichwa cha mtoto kinakaribia kioo cha nyuma. Mimi siipendekezi kwa kazi hii.

*Ipsum* ya 2001 hadi 2009 ni pana zaidi, mita 1.76, imetulia barabarani, ila cc 2400. *Serena* ya Nissan ina nafasi nzuri kuliko Noah kwa bei nafuu, lakini gia yake ya CVT (otomatiki ya mkanda wa chuma, isiyo na hatua) ikisumbua na uko Nachingwea, utaijutia nafuu hiyo.

Nani akae wapi? Mchanga safu ya pili, nyuma ya abiria wa mbele, ili umtoe upande wa pembezoni mwa barabara, kwa sababu sisi tunaendesha kushoto. Wa kati safu ya pili upande wa pili. Mkubwa na busta yake safu ya tatu. Kama gari ni la benchi na hakuna njia ya kupita, geuza: weka wa busta safu ya pili upande wa kushoto, maana busta inatoka kwa mkono mmoja na kiti kinakunjwa, kisha wa kati nyuma na mchanga upande wa dereva. Kiti cha mbele kisipewe mtoto anayetazama nyuma kama kuna mfuko wa hewa kwenye dashibodi. Ukifumuka unakipiga kiti hicho kwa nguvu inayoweza kumuua mtoto.

Hela na msimu

Ukiwa na milioni 15, tafuta gari la milioni 12. Inayobaki ni ya kuhamisha umiliki, bima, matairi, mafuta ya injini na gia, na viti. Ukifikiria kuagiza Japani, fungua kwanza kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, cha magari yaliyotumika: ushuru wa forodha ni asilimia 25, VAT asilimia 18, na gari kuukuu linaongezewa ushuru wa bidhaa kwa sababu ya umri wake. Mara nyingi Noah ya mwaka wa zamani inatoka bandarini na kodi iliyolingana na bei yake ya kununulia au kuizidi. Ndiyo maana gari la mkononi, lililokwisha kulipiwa, lina maana kwa mwenye bajeti.

Usinunue Oktoba hadi Desemba kama unaweza kusubiri. Hela za mnada wa korosho zikishaingia kwa wakulima, kila mtu anatafuta chombo, na muuzaji anajua. Januari ada za shule zinawabana watu. Ukiwa na taslimu kuanzia hapo hadi masika, mazungumzo yanakuwa mepesi.

Mafuta nayo yapigie hesabu. Mtwara hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 560. Noah inayokwenda kilomita 9 kwa lita inataka lita 62 hivi. Sienta ya kilomita 13 kwa lita inataka 43. Zidisha kwa bei kikomo ambayo EWURA, mdhibiti wa nishati, huitangaza kila mwezi, na angalia safu ya Mtwara au Lindi, siyo ya Dar.

Siku ya kuliona gari

Nenda na viti vyote vitatu, hata kama muuzaji atacheka. Rafiki yangu na mkewe walipeleka vyao kwenye yadi moja, wakavipanga kwenye kiti cha nyuma cha gari la viti vitano. Milango ilifunga. "Vimeingia hivyo, shemeji, andika hela," dalali akasema. Mke akaingiza mkono kutafuta kifungo cha katikati. Kilikuwa kimezama chini ya plastiki ya kiti cha pembeni, vidole vinakigusa kwa ncha tu, na ulimi wa mkanda haufiki. "Vimeingia kaka, ila havifungi," akamjibu, na wakavipakia tena kwenye bajaji.

Kwa hiyo usiishie kuvipanga. Funga kila kimoja, kandamiza kwa goti, kaza mkanda, halafu kishike karibu na njia ya mkanda ukitikise. Kisicheze zaidi ya sentimita mbili na nusu. Angalia shina la kifungo: likiwa refu, kifungo kinakaa juu ya fremu ya plastiki na kinaweza kufunguka au kuvunjika. Kisha rudisha kiti cha dereva mahali anapokaa yule mrefu wenu, uone kama bado kuna nafasi.

Sasa mikanda yenyewe. Vuta kila mmoja hadi mwisho. Shtua kwa nguvu. Unatakiwa ukwame papo hapo. Uachie, urudi wenyewe. Ukiwa umeuvuta wote, tazama ile sehemu ya mwisho ambayo kwa kawaida haitoki nje. Ikiwa na mstari wa tope au madoa ya maji, gari hilo limewahi kuogelea. Muuzaji anaosha zulia na siti, lakini mkanda wa mwisho anausahau. Tangu mafuriko ya 2024, mwaka ambao kimbunga Hidaya kiliikata barabara ya Lindi, jambo hili silipuuzi kabisa. Inua na zulia chini ya kiti cha dereva, nusa, kisha gusa nyaya.

AC ya nyuma iwashe peke yake. Noah ina swichi yake juu au pembeni, na muuzaji atakuonyesha ubaridi wa mbele tu. Kwa joto la Februari huku, mtoto wa safu ya tatu asipopata hewa hiyo, safari haifiki Mingoyo kabla ya kilio.

Taa ya SRS, yaani ya mifuko ya hewa, kwenye dashibodi iwake unapofungua swichi, kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu kachomoa balbu kuficha ubovu. Tena, magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 2000 yalifungwa mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, ambayo kemikali yake inaharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na ikilipuka inaweza kurusha vipande vya chuma. Joto na unyevu ndiyo hali yetu ya kila siku pwani. Chukua namba ya chesisi, iingize kwenye tovuti ya Toyota ya Japani sehemu ya magari yaliyorudishwa kutengenezwa, uone kama la kwako limo na kama lilirekebishwa.

Kutu usiitafute kwenye rangi. Lala chini na tochi: mikono ya chini ya magurudumu, mabomba ya breki, kingo za chesisi, chini ya tairi la akiba. Gari lililobeba samaki au chumvi, au lililokaa miaka karibu na bahari, linaweza kung'aa juu na kumong'onyoka chini. Bomba la breki lenye magamba ya kutu ni gharama ya lazima, siyo ya kusubiri.

Fundi na barabara

Lete fundi wako, siyo wa dalali. Injini iwe ya baridi mnapofika. Ikiwa imeshapashwa, rudini kesho asubuhi. Injini za Toyota za 1AZ (cc 2000) na 2AZ (cc 2400) za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zinajulikana kwa kuvua nyuzi za bolti za silinda hedi na kuvujisha maji kwa nyuma, mahali pasipoonekana, kwa hiyo mwambie amulike huko na atazame kiwango cha maji kabla na baada ya safari. 1AZ-FSE ya D-4, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, haipendi mafuta machafu. Ikitetemeka ikiwa imesimama, usikubali neno la "plagi tu". 1ZZ-FE (cc 1800) za mwanzo zinakula oili. Kwenye CVT, uliza gia iliwekwa mafuta gani. Jibu likiwa "ya kawaida", ondoka.

Mliendeshe likiwa na mzigo, watu wanne au watano ndani, kwenye lami na kwenye vumbi, mpande kilima mkizima AC na mkiiwasha. Kilomita kwenye dashibodi zisikutishe wala zisikufurahishe, zinarudishwa nyuma kirahisi. Usukani uliolika, pedali ya breki iliyokwisha mpira na siti ya dereva iliyobonyea vinasema ukweli zaidi.

Karatasi

Kadi iwe halisi, na jina lililomo liwe la anayekuuzia. Gari lililopita mikono mitatu bila kuhamishwa litakutafutisha mtu wa kwanza ambaye labda yuko Songea au amefariki. Kadi ikiwa "iko kwa mtu", kuna mkopo. Deni lilipwe, kadi itoke, ndipo mzungumze. Linganisha namba ya chesisi na ya injini kwa macho yako. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa trafiki wa polisi uone faini, kisha angalia deni la maegesho ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, na uhakiki bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Mkataba uandikwe kwa wakili, malipo yapite benki, na siku hiyohiyo nendeni TRA pamoja mkiwa na TIN, vitambulisho na picha. Muuzaji akisema "utahamisha taratibu", baki na sehemu ya hela hadi jina libadilike.

Bima ndogo ndiyo ya lazima, lakini inamlipa uliyemgonga. Gari likiwa ndilo akiba yote ya nyumba, uliza bima kubwa, japo makampuni mengine yanasita gari likishazeeka.

Wiki ya kwanza

Badilisha oili, filta, maji ya rejeta na mafuta ya breki hata kama umeambiwa ni mapya. Tazama tarehe ya matairi: tarakimu nne pembeni, mbili za wiki na mbili za mwaka. Funga viti vya watoto gari likiwa limesimama pa tambarare, na mtu mmoja tu ndiye awe mwenye kazi hiyo ili asiwepo wa kudhani mwenzake amekaza. Mto wa siti unabonyea baada ya mwendo, mkanda unalegea. Ukienda Dar, kaza tena ukifika Lindi, na tena Nangurukuru, mnaposhuka kunyoosha miguu.